Klabu Iliyouzwa kwa Makofi Matatu

Nchi ya Tulieni haimo katika ramani yoyote mliyoitundika ukutani, kwa hiyo msianze kutazamana. Iko mbali sana. Watu wake ni wapole, serikali yake ni sikivu, na mikutano yake yote humalizika kwa makubaliano, jambo ambalo wageni wengi wamelichunguza na kurudi kwao wakiwa hawana jibu.

Katika nchi hiyo, kwenye mji wa Mkong'oto, kulikuwa na timu ya mpira iitwayo Nyundo. Waliianzisha mafundi wa karakana ya garimoshi, zamani, kabla karakana haijafungwa kwa manufaa ya wafanyakazi. Vikombe haikuwa navyo vingi. Ilikuwa nacho kimoja, cha mshindi wa tatu, walichokipata mwaka ambao timu ya nne ilipotea njia.

Lakini Nyundo ilikuwa na itikio. Mtu yeyote, popote pale, akilitaja jina la timu kwa sauti ya kusikika, kila mwanachama aliye karibu huitikia "Gonga" na kupiga makofi matatu, pa-pa-pa. Halikuwa jambo la hiari. Hospitali ya mji iliwahi kumpasua mwanachama aliyelazwa usingizi wa dawa, daktari mmoja akateleza ulimi akaitaja timu, na mgonjwa akaitikia huku tumbo liko wazi. Alipona vizuri.

Hapakuwa na mwitikiaji kama Bi Mwatumu Kilonge. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitano, fundi cherehani, na katibu wa Tawi la Ukuta wa Kaskazini. Sauti yake ilikuwa inatangulia za wenzake kwa kitambo kidogo sana, hata watu wakaamini kwamba asipoanza yeye, makofi hayatokei. Yeye mwenyewe alisema ni maneno ya watu tu, kisha akaendelea kutangulia.

Basi ukafika mwaka ambao serikali sikivu iliona kuwa vilabu vinateseka kwa kukosa wenyewe, ikaruhusu matajiri wavinunue. Aliyejitokeza kwa Nyundo alikuwa Dokta Injinia Mwinjuma Kapera, mfanyabiashara wa viti vya plastiki vya mikutano. Katika nchi yenye mikutano mingi kama Tulieni, mtu huyo alikuwa na uwezo kuliko mawaziri kadhaa wakiwekwa pamoja, na viti vya kukalia wote angewapa yeye.

Mkutano mkuu ulifanyika uwanjani, siku ya Jumapili, chini ya uenyekiti wa Msajili wa Vilabu. Dokta Injinia alisimama akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Alikuwa amefanya uchunguzi wake.

"Ndugu wanachama," alisema, "nimekuja kuichukua klabu hii iwe yangu, yote, pamoja na kila kilichomo na kila kitakachoingia. Nyundo."

"Gonga," waliitikia watu elfu mbili, Bi Mwatumu akiwa mbele yao, na makofi matatu yakapigwa hata kunguru wakahama paa la jukwaa.

Karani wa serikali, Bwana Tegemea Ndimbo, kijana mwenye miwani na uaminifu wa kuudhi, aliandika katika fomu yake: Hoja imepita kwa makofi. Halafu wakaombewa dua, wakapewa soda, wakaenda nyumbani. Wengi walidhani ile ilikuwa salamu, na kwamba mkutano wenyewe utaanza Jumapili ijayo. Walisikia redioni kesho yake kwamba wamekubali bila kulazimishwa.

Hata hivyo waliamua kumpa mwenye klabu nafasi. Mgeni mpe siku mbili, walisema, na wakaketi kumtazama.

Siku ya kwanza alifika na msafara wa magari sita. Kipindi cha kwanza kilipokwisha na wachezaji wakaenda kupumzika, Dokta Injinia alidhani mpira umemalizika. Alishika kipaza sauti akaanza kuwashukuru vijana wake kwa sare waliyoileta nyumbani. Hotuba ilikuwa na utangulizi, sura nne na hitimisho. Kipindi cha pili chote kilichezwa huku yeye akihutubia. Wapinzani walifunga bao, akashukuru. Wakafunga la pili, akasema hayo ndiyo matunda ya uwekezaji.

Siku ya pili aliuliza kwa nini mchezaji namba moja anakaa nyuma kabisa ya wenzake, tena peke yake, wakati namba tisa anatangulia. Kocha alijaribu kumweleza kwamba huyo ni golikipa. Dokta Injinia alisema cheo cha mtu hakimwondoi katika itifaki. Hata Rais wa Tulieni ni namba moja, na hajawahi kuonekana amesimama mwishoni mwa mstari. Basi Jumamosi iliyofuata golikipa Chande aliongoza mashambulizi, na langoni akasimama namba kumi na moja, kijana mfupi mwenye mbio sana. Nyundo ilifungwa saba. Taarifa ya klabu ilisema mechi ilikuwa na mabao mengi, na kwamba mashabiki walipata thamani ya tiketi zao.

Hapo mashaka yakaanza. Huko Tulieni, mtu kuwa na mashaka si kosa hata kidogo. Kuna Sheria ya Uhuru wa Mashaka, inayompa kila raia haki ya kushuku jambo lolote mradi apeleke shaka lake ofisini ndani ya siku saba. Likishasajiliwa linakuwa mali ya serikali. Anayekutwa nalo baada ya hapo anahesabiwa kuwa ameshika mali ya umma bila kibali.

Bi Mwatumu aliyakusanya mashaka ya matawi yote, yakafika arobaini na moja, akayaandika vizuri na kuyapeleka Dawati la Mashaka. Nyuma ya dawati alikuwa yule yule karani Tegemea, kwa kuwa serikali ilikuwa inabana matumizi. Aliyasoma moja moja, akayagonga muhuri moja moja, akayafungia katika kabati la chuma.

"Sasa huna shaka tena, mama," alisema kwa upole.

"Limebaki moja, mwanangu."

"Lipi?"

"Kama kuna atakayeyasoma."

Karani alifikiri kidogo, akalisajili na hilo, namba arobaini na mbili. Bi Mwatumu akatoka akiwa mwepesi kama sheria ilivyotaka. Alipofika barabarani mashaka yote yalikuwa yamemrudia, akayabeba kimya kimya mpaka nyumbani, mvunja sheria.

Wiki mbili baadaye gari la matangazo lilizunguka mji. Lilitangaza kwa furaha kwamba Dokta Injinia Kapera atauondoa Uwanja wa Majivu na mahali pake kujenga Kituo cha Kimataifa cha Majadiliano ya Soka, chenye viti elfu kumi. Humo wataalamu kutoka kila pembe watajadili mpira bila kusumbuliwa na mpira. Viti vitatoka katika kiwanda cha mwekezaji mwenyewe. Timu itahamia uwanja wa mji wa Ng'ambo ya Pili, mwendo wa siku moja kwa garimoshi, na garimoshi hilo litaanza safari zake mara reli itakapopatikana. Wanachama walialikwa kwenye mkutano mkuu kuja kuridhia.

Bi Mwatumu aliyasikia hayo akiwa kwenye cherehani. Aliendelea kukanyaga, na alipotazama alikuwa ameshona mkono wa sare ya shule mahali pa shingo.

Uwanja wa Majivu ulikuwa dimbwi hapo kale. Mafundi wa karakana ndio walioufukia, kwa majivu ya matanuri, kila mtu madebe mawili kila jioni anapotoka kazini, kwa miaka kumi na mmoja. Marehemu baba yake alikuwa mmoja wao. Yeye mwenyewe akiwa na miaka minane alipewa kopo lake, na kopo hilo alilijaza na kulimwaga mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Ndiyo maana ardhi ya pale ni nyeusi, na watoto wa Mkong'oto hurudi nyumbani na magoti meusi wakachapwa na mama zao, ambao nao walichapwa kwa sababu hiyo hiyo. Bi Mwatumu alilia. Alilia kwa sauti, hakuona haya, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakalia pamoja naye ingawa mmoja hakuwa mpenzi wa mpira.

Alipokwisha kulia alikwenda ofisi ya Msajili kusoma kumbukumbu za mkutano wa kwanza, zilizobandikwa ubaoni. Alisoma pale palipoandikwa kwamba hoja imepita kwa makofi. Akasoma tena. Kisha akaitazama mikono yake, kiganja kwa kiganja.

Jioni aliwaita wanachama wa tawi. "Klabu hatukunyang'anywa," aliwaambia. "Tuliiuza wenyewe. Na wa kwanza kupiga kofi ni mimi."

Aliwaeleza alilolitambua. Dokta Injinia hana haja ya kumshawishi mtu. Atasema atakalo, atalitaja jina la timu mwishoni, wao wataitikia, na karani ataandika. Dawa ilikuwa moja tu: siku hiyo akilitaja jina, mtu asiitikie.

Watu walitazamana kana kwamba wameambiwa wasipumue. Kitwana Shomvi, mchomeleaji mwenye miaka sabini ambaye hakuwahi kukosa mechi, alisema kwamba kwa wengine hilo ni jepesi, lakini mdomo wake si wake, ni wa klabu. Wakajaribu. Bi Mwatumu alilitaja jina, na ukumbi wote ukaitikia, yeye akiwa wa kwanza. Walijaribu mara kumi na nne. Walijaribu kuuma leso, wakaitikia ndani ya leso. Kitwana alijiziba masikio kwa pamba asisikie, lakini alipoona midomo ya katibu ikichezacheza aliitikia kwa kukisia.

Mwishowe ni maji yaliyowaokoa. Mtu aliyejaza maji kinywani hawezi kusema bila kuyamwaga, na aliyekalia viganja vyake hawezi kupiga makofi bila kuanguka. Bi Mwatumu alizunguka matawi yote tisa kwa miguu kufundisha elimu hiyo. Kwa siku kumi mji wa Mkong'oto ulikuwa umejaa watu waliovimba mashavu, wakisalimiana kwa nyusi. Ofisa wa afya aliandika ripoti kuhusu ugonjwa wa meno.

Siku ya mkutano wanachama elfu mbili walikuja na chupa za maji. Walikaa juu ya viti vipya vya plastiki. Dokta Injinia alipoanza kuzungumza, wakanywa funda moja, wakalishikilia kinywani na kuikalia mikono yao. Alifurahi kuwaona wamenawiri.

Alisema mengi juu ya dira na mwelekeo. Alisema mpira wa kisasa hauhitaji uwanja, unahitaji mtazamo. Hatimaye akainua mkono.

"Kwa hiyo uwanja huu unaondoka, na kituo kinakuja. Nyundo."

Palikuwa kimya.

Dokta Injinia alikigonga kipaza sauti kwa kidole. Fundi mitambo akaja, akakibadilisha, akajaribu moja mbili, moja mbili. Jina likatajwa tena, safari hii kwa nguvu. Kimya kile kile. Kitwana Shomvi alikuwa akitokwa na machozi na maji yakimpita puani, lakini kinywa hakukifungua.

Bi Mwatumu hakuwa amejua kuwa ingemuuma namna ile. Tangu azaliwe hakuwahi kulisikia jina lile likiachwa bila jibu. Ilikuwa kama kuitwa na mtoto wako mlangoni ukajifanya haupo. Alikandamiza viganja chini ya mapaja yake mpaka vikafa ganzi, na moyoni akawa anaomba mtu yule asilitaje mara ya tatu. Akalitaja mara ya tatu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi serikalini. Msajili wa Vilabu aliinama akamnong'oneza mwekezaji, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kunyamaza ni kukubali," Msajili alitangaza. "Wanachama wameridhia kwa heshima iliyopita makofi. Karani, andika: kwa kimya."

Kalamu ya Tegemea ilishuka kuelekea karatasi. Watu elfu mbili walitazamana juu ya mashavu yao yaliyovimba, wakatambua kwamba wakiitikia wamekubali, wasipoitikia wamekubali, na kwamba hata wangebaki nyumbani wangekubali pia. Bi Mwatumu alimtazama karani, akaitazama ile ardhi nyeusi chini ya kiti chake. Akameza maji.

"Hapana," alisema.

Hakupaza sauti, ila kwa jinsi mahali palivyokuwa pametulia, kila mtu alilisikia. Msajili aligeuka pole pole.

"Hapana nini, mama?"

"Hapana, hatutaki."

Msajili aliona neno hilo halina madhara akamwamuru karani aendelee. Lakini Tegemea alikuwa ameinua kalamu. Aliigeuza fomu, akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Mheshimiwa, Fomu Namba Saba ina visanduku vitatu," alisema. "Makofi, vigelegele na kimya. Hili la mama sina pa kuliandika."

"Liandike kwenye kimya."

"Amesema, mheshimiwa. Nitaandikaje kimya, na mtu amesema?"

Msajili alifungua kinywa, na hapo hapo ikasikika sauti ambayo Mkong'oto haujaisahau, ya watu elfu mbili wakimeza maji kwa pamoja. Kisha wakalisema wote. Wengine walilisema vibaya, kwa kukosa mazoea, na Kitwana Shomvi alilisema akipiga makofi matatu kwa bahati mbaya. Lakini lilisemwa.

Sheria za Tulieni ziko wazi. Mkutano ambao matokeo yake hayana kisanduku hauwezi kufungwa, na hoja yake haiwezi kutekelezwa, mpaka fomu irekebishwe na Tume ya Fomu. Mara ya mwisho Tume hiyo kurekebisha fomu ilikuwa ni kuongeza upana wa pambizo, na shughuli ilichukua miaka kumi na minne, pamoja na ziara za mafunzo. Msajili alimweleza hayo Dokta Injinia kwa masikitiko. Mwekezaji aliketi juu ya kimoja cha viti vyake, kikapinda kidogo.

Klabu ilibaki yake, kwa maana yale makofi ya kwanza yalikuwa na kisanduku. Uwanja ulibaki pale ulipo. Dokta Injinia aliendelea kuja kwenye mechi, na baada ya miezi michache alimwuliza Bi Mwatumu, kwa siri, mapumziko ni ya nini. Bi Mwatumu alimweleza vizuri bila kumcheka, ila kidogo. Golikipa Chande akarudishwa langoni, na Nyundo ikaendelea kufungwa kwa kiasi cha kawaida.

Mwezi uliofuata ulikuwa wakati wa uchaguzi wa Tawi la Ukuta wa Kaskazini. Bi Mwatumu alikuja amevaa gauni jipya alilojishonea. Ukatibu ule alikuwa nao kwa miaka kumi na tisa, na uchaguzi haukuwahi kuzidi dakika mbili. Alisimama mbele ya wanachama akiwatazama kwa mapenzi, akasema kama asemavyo kila mwaka.

"Ndugu zangu, naomba niendelee kuwatumikia. Nyundo."

Hakuna aliyeitikia. Katika kimya hicho Siwema Mbaga, muuguzi ambaye kadi yake ya uanachama haikuwa na miaka mitatu, alisimama nyuma ya ukumbi.

"Hapana, mama," alisema kwa adabu. "Tunakushukuru sana."

Na ukumbi mzima, watu aliowafundisha mwenyewe kabla ya matawi mengine, ukasema hapana. Walilisema vizuri kabisa, bila kukwama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bi Mwatumu alihisi masikio yakiwaka moto, akatamani kuwauliza ni lini walipata ujuzi wa namna hiyo, akakumbuka. Alichukua muhuri wa tawi mezani, akaupangusa kwa upindo wa gauni lake, akampa Siwema, na kwenda kukaa mstari wa mbele kati ya Kitwana Shomvi na dirisha. Alikuwa amekasirika kweli, na kila mtu aliona.

Katibu mpya alisoma karatasi aliyokuja nayo, juu ya michango ya bendera na usafiri wa mechi ya ugenini, akifululiza kwa woga. Alipofika mwisho aliishika karatasi kwa mikono miwili, akavuta pumzi.

"Basi ni hayo, ndugu zangu. Nyundo."

"Gonga," aliitikia Bi Mwatumu, akiwatangulia wote kama kawaida yake, na makofi matatu yakajaa ukumbini. Kisha, kabla karatasi haijakunjwa, alinyoosha mkono juu na kuusimamisha hapo hapo mpaka alipopewa nafasi.

"Samahani, katibu," alisema. "Hapo tumekubali nini?"